Naomba ushauri: kwenda soko la Tengeru na mtoto wa miaka 3

Habari zenu wapendwa. Kila Jumamosi huwa nafuata ndizi na mboga za wiki pale Tengeru, Arusha. Dada wa kazi ameondoka, kwa hiyo sasa naenda na binti yangu wa miaka 3. Mgongoni hataki tena kukaa. Nikimshika mkono, nikifungua tu pochi nilipe nyanya, ameshachomoka. Juzi nilimkuta amechuchumaa kwenye mafungu ya parachichi, mkokoteni unapita karibu kabisa na miguu yake. Mpaka leo moyo unanidunda. Nimejaribu kuwahi saa moja asubuhi, lakini wauzaji wengi bado wanashusha mizigo.

Je, Jumatano kuna nafuu ya msongamano? Na wenye watoto wa umri huu, mnawashikaje huku mmebeba kikapu?