Tumekodi katamarani Ugiriki, wamenikata yuro 1,850 ya dhamana kwa mkwaruzo ulio kwenye video yangu ya siku ya kwanza na mota ya nanga iliyokuwa mbovu tangu mwanzo

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira. Leo ni siku ya 19 tangu nirudishe chombo cha watu, hiyo katamarani (boti ya tanga yenye mabodi mawili), pale bandari ya Alimos, Athens, na pesa yangu bado wameikalia. Humu najua mpo wengi wa Ujerumani, Uholanzi na Uingereza mnaopanga kuzunguka visiwa vya Ugiriki na familia. Someni kwanza, ndiyo mkalipe.

Tulikuwa wanane. Mimi, mama watoto na watoto wetu wawili, pamoja na shemeji, mkewe na wanawe wawili. Katamarani ya futi 42, vyumba vinne, Jumamosi hadi Jumamosi, mwisho wa Julai, yuro 7,200. Kabla hamjaanza kunitolea povu la "matajiri mna shida zenu", gawanyeni kwa wanane: ni 900 kwa kichwa, malazi na usafiri wa wiki nzima ndani yake, na tulikuwa tunachanga tangu Januari.

Cheti cha Kijerumani cha kuendesha boti baharini, SBF See, ninacho, na shemeji alisaini kama msaidizi, maana Ugiriki ukichukua chombo bila nahodha wao wanataka watu wawili wanaojua kazi. Nahodha wa kukodi ni yuro mia mbili na ushee kwa siku, na chakula chake juu yako. Nikajisemea mimi mtoto wa nahodha, marehemu mzee kapakia boriti za Rufiji kupeleka Unguja kwa jahazi maisha yake yote, leo nimlipe mtu anishikie usukani? Jeuri yangu hiyo, nitaitubu siku nyingine.

Tulipitia kwa dalali, wale wenye tovuti inayoonyesha vyombo vya kampuni nyingi pamoja. Picha nzuri, chombo cheupe kama yai. Wiki mbili kabla ya safari ikaja barua pepe: chombo chenu hakipatikani "kwa sababu za kiufundi", mtapewa kinacholingana. Nikauliza kinacholingana kina umri gani. Kimya. Kumbe mkataba unawaruhusu, kipengele kipo, herufi za mchwa. Hicho kinacholingana kilikuwa na miaka 11 na godoro la chumba cha nyuma linanuka dizeli.

Mkataba unasema kukabidhiwa ni saa 11 jioni. Tulikaa gatini na mabegi na watoto, jua la Athens linatuchoma, tukakabidhiwa saa 2 na dakika 40 usiku. Na kabla ya ufunguo, lipa kwanza "kifurushi cha lazima" yuro 480: usafi wa mwisho, mashuka, gesi, mashine ya boti ya mpira. Yaani boti ya mpira ipo kwenye bei, mashine yake haipo. Haya, tukalipa.

Ikaja dhamana. Unachagua: wazuie yuro 4,000 kwenye kadi yako na kuziachia ukirudisha chombo salama, au utoe 590 zisizorudi na dhamana ishuke hadi 1,000. Nikachagua ya kwanza. Mimi naijua bahari, nitaharibu nini?

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Fundi wao alikuja anakimbia, ana vyombo vingine vitatu vya kukabidhi usiku huo, anamulika kwa tochi ya simu. Mimi narekodi kila anapopita. Dakika ya 7 ya video, omo (upande wa mbele) ya kulia, chini kidogo ya nguzo za reli, kuna mkwaruzo mrefu kama kidole cha shahada, umekunja kama herufi L, rangi imetoka mpaka faiba ya kijivu inaonekana. Nikamuuliza. Kwenye video unamwona anaweka kidole palepale, ukucha mweusi kwa grisi, anasema: "Huu wa zamani, usijali rafiki yangu." Sauti inasikika kama redio ya taifa.

Tukaenda kwenye winchi, ile mashine ya umeme ya kuvuta nanga. Nikabonyeza rimoti, waya wake umefungwa kwa tepu ya umeme, mnyororo ukashuka kama mita moja ukagoma. Fundi akaupiga ule mfuniko kofi, ukaendelea. "Inafanya kazi." Kisha fomu. Ukurasa umechapishwa tayari, sehemu ya kuandika uharibifu ni tupu. Nikamwambia aandike mkwaruzo. Akasema ofisi wanaujua, saini tufunge. Saa 3 na nusu usiku, watoto wamelala na viatu. Nikasaini. Najua, wakuu. Msije hapa kunipa mhadhara, nimeshajipa mwenyewe.

Upepo simlaumu mtu. Tulipanga Kea, Kythnos, tufike Syros, lakini utabiri ukasema meltemi, upepo mkali wa kiangazi wa Ugiriki, nguvu 7 kwa siku tatu kutoka kaskazini. Sisi wa pwani tumezoea kaskazi yenye msimu wake na heshima zake. Meltemi inakuja mbingu ni buluu tupu, hata wingu la kukuonya hakuna, na kupiga bisho (kwenda kinyume na upepo) na katamarani na watoto ndani ni kutafuta talaka. Tukageuza, tukaenda visiwa vya Saronic: Aegina, Poros, Hydra. Kule kumetulia zaidi. Pistachio za Aegina tumekula mpaka shemeji akaumwa tumbo. Likizo ilikuwa nzuri, nisiwe mnafiki.

Shida ikaanza Hydra. Kisiwa hakina magari, mizigo inabebwa na punda, na bandari yake ni ndogo kama kiganja. Chombo kinatupa nanga katikati, kinarudi kinyumenyume kufunga tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye gati. Kila mtu akifanya hivyo, minyororo inalaliana kule chini kama tambi. Chombo chetu kina upana wa karibu mita 8. Tulipata nafasi kwa bahati tu.

Asubuhi nabonyeza rimoti, kimya. Breka, swichi ya umeme inayojizima yenyewe, iko chini ya godoro, nikamtoa binti yangu usingizini, nikaiwasha. Winchi ikavuta mita mbili, ikazima. Nikawasha tena. Mara tisa. Na juu ya mnyororo wetu umelala wa Mfaransa, naye anataka kuondoka, anapiga kelele. Nikaandika WhatsApp kwa kampuni. Jibu likaja baada ya saa 1 na dakika 20: "Umejaribu kuwasha breka?"

Tukavuta kwa mikono, mimi na shemeji. Mnyororo wa milimita 10, kila mita kilo mbili na ushee, tulikuwa tumeshusha kama mita 40, halafu nanga yenyewe na tope lake. Mabaharia wa mzee walikuwa wanavuta nanga kwa wimbo. Sisi tulivuta kwa matusi ya lugha mbili huku binti ananirekodi aweke TikTok. Viganja vilichunika, kushika kikombe cha chai ikawa kazi.

Lakini nilipata kitu. Saa 4 na dakika 12 asubuhi ile fundi wao mwenyewe aliniandikia: "Hiyo mota inasumbua tangu Juni, tutaibadilisha msimu ukiisha." Ujumbe ninao, na nimeuhifadhi sehemu tatu.

Ijumaa jioni tumerudi Alimos kwa wakati, tanki limejaa, mzamiaji kaangalia chini, safi. Jumamosi saa 2 na dakika 40 asubuhi, teksi inasubiri, ndege ni saa 6, akaja dada mmoja na fomu ile niliyosaini. Mkwaruzo omo ya kulia, yuro 450. Mota ya winchi imeungua "kwa matumizi mabaya", yuro 1,400. Nikamwonyesha video. Akaitazama sekunde kumi hivi, akasema: "Video siyo fomu." Nikamwonyesha ujumbe wa fundi. Akasema fundi huyo hayupo leo. Mke wangu ananivuta mkono, watoto wameshapanda teksi. Tukaondoka.

Dalali anasema yeye ni mpatanishi tu kati yangu na kampuni. Kamisheni yake ya upatanishi ilikatwa bila kupatana na mtu. Benki nimewafungulia malalamiko ya kadi, nimeambatanisha video na ujumbe. Pia nimewaandikia Kituo cha Watumiaji cha Ulaya, kwa sisi wa Ujerumani ofisi yao iko Kehl, hawatozi kitu; faili limefunguliwa, wameomba mkataba. Jirani yetu gatini, Mjerumani, ndiye aliyenifungua macho kwamba kuna bima ya dhamana unayonunua nyumbani kabla ya kusafiri, kampuni ikikukata bima inakurudishia. Nimejua Jumamosi ya mwisho, nimeshakatwa.

Ninachotaka kwenu: kuna aliyewahi kurudishiwa na benki kwa kesi ya chombo au gari la kukodi, wakati fomu ina saini yake? Ilichukua muda gani?

Risiti ya hiyo mota mpya nimeiomba mara nne. Jana usiku hatimaye wamejibu. Wamenitumia punguzo la asilimia 10 kwa msimu ujao.