Jua kutuunguza sisi weusi: tupeane uzoefu (Lamu, Malindi na pwani nzima)

Mzamiaji wa Shela
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naanza kwa kukiri. Nimezaliwa Shela, rangi yangu ya mkaa, na miaka yote nikiona wazungu wanatoka baharini wekundu kama kamba waliochemshwa, mimi ni kucheka tu.

Februari hii tukaenda Manda Toto na binamu zangu. Kaskazi inavuma vizuri, joto hulisikii. Nikavaa miwani ya maji, nikaelea kifudifudi kutazama samaki, kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Fulana niliiacha kwenye mashua. Jioni mabega yanawaka moto. Najitazama kwenye kioo, wekundu hakuna! Nimezidi weusi tu, na ngozi imevutika kama ngoma iliyowambwa. Usiku kulalia mgongo haiwezekani. Siku ya nne ikaanza kuambuka kama ganda la kitunguu, mama akadhani ni ukurutu. Hadi leo nina ramani mgongoni.

Nani mwingine yamemkuta? Mnajikinga vipi? Leteni, ila msinicheke sana.

Kapteni Watamu
Pole bwana, lakini nimecheka. Upepo ndio mwongo. Mimi huungua zaidi wakati wa kusi kuliko kwenye joto lenyewe, maana mwili unapoa na kale kawingu ka Juni unakaona mwavuli. Wingu jepesi halizuii sana. Huku tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hakuna mwezi ambao jua linaenda mbali. Na mchanga mweupe nao unakurudishia kutoka chini. Mwaka jana niliungua chini ya kidevu, chapeo ikiwa kichwani!

Mgeni mmoja akanipa losheni ya jua. Nikapaka, abiria wote wananitazama kama maiti aliyefufuka, uso umekuwa wa majivu. Nikaifuta palepale kwa kikoi. Tangu hapo mikono mirefu, basi.

Mama Ndimu
Yangu si ya baharini. Nauza sharubati Langoni. Ramadhani moja nilipata oda kubwa ya futari, nikakaa uani kwenye jua la saa saba nakamua ndimu, ndoo mbili. Siku hiyo sikuona kitu. Baada ya siku mbili viganja kwa juu vinawaka, kisha malengelenge, na michirizi inayopanda hadi kwenye kiwiko, palepale maji ya ndimu yalipotiririka. Jirani mmoja akasema nimemwagiwa kitu. Mwingine akataja mtu kwa jina, nikamwambia anyamaze, mfungo huu.

Daktari hakunigusa hata. Aliitazama ile michirizi akauliza, "Mama, ulishika ndimu juani?" Nimekamua ndimu tangu nikiwa kigori, sijawahi kuambiwa! Malengelenge yalipona ndani ya wiki mbili, lakini madoa meusi yalikaa miezi, nikawa navaa mikono mirefu hadi jikoni. Siku hizi nakamua usiku, ndani, na sitoki kabla ya kunawa kwa sabuni.

Niko Duka la Dawa, Malindi
Mama Ndimu, daktari wako alikuwa sahihi. Ndani ya ndimu mna kitu ambacho kikipigwa na jua juu ya ngozi kinaunguza kama dawa kali. Kuna na dawa za kumeza zenye tabia hiyo, doksisaiklini ni mojawapo, kwa hiyo ukipewa uliza kabla ya kwenda baharini. Wanaojichubua kwa krimu nao wamejivua kinga yao wenyewe, nawaona kila wiki.

Weusi wetu ni kinga kweli, ila si kubwa kama tunavyojisifu. Watafiti waliwahi kuupima wakapata kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), na losheni tunayoshauri inaanzia 30. Ya 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, ya 50 asilimia 98, kwa hiyo usifilisike kwa namba kubwa. Watu wanakosea kwenye kiasi. Uso na shingo vinataka mistari miwili mirefu, urefu wa vidole viwili, halafu unarudia kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Kapteni, tafuta ile yenye rangi ya kahawia, haikuachi na majivu na inasaidia zaidi wenye madoa usoni.

Melanoma, ile saratani kali ya ngozi, kwetu ni nadra, ila ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hata jua si la kulaumiwa sana. Bob Marley yake ilianzia kidole cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi jipya chini ya kucha usilipake rangi ukalisahau.

Chapeo Pana
Nyinyi mnasimulia kioja, mimi nina ualbino, kwangu ni kila siku. Shule ya msingi nilivuliwa chapeo gwarideni kwa sababu si sare. Midomo ikapasuka, nikala uji kwa mrija wiki nzima. Losheni ya serikali hutolewa bure, lakini kuna kituo nilikuwa nikienda naambiwa imeisha, njoo mwezi ujao. Jua nalo liambiwe lisubiri?

Nawapa moja ya bure. Kabla ya kununua shati, lishike mbele ya taa. Ukiona mwanga unapita, jua nalo linapita. Fulana nyeupe ikilowa kinga yake inapungua sana.

Mjukuu wa Nahodha
Babu yangu alikuwa akisema "yuwa la Amu si la mtezo", yaani jua la Lamu si la mchezo, na hakutoka bila kilemba na kikoi mabegani. Macho ndiyo aliyasahau. Kinyama kilimwota kwenye weupe wa jicho kikatambaa hadi mboni, ikabidi kikatwe. Mabaharia, miwani ya jua si ya mapambo. Bibi naye ni liwa usoni kila jioni, inapoza na inanukia vizuri, ila kwa baharini msiitegemee.

Mzamiaji wa Shela
Ahsanteni wote. Chapeo Pana, pole sana kwa hayo ya shule. Nimetoka kufanya mtihani wako sasa hivi, fulana yangu ya bluu mbele ya balbu: naziona hata nyuzi za balbu. Jumamosi tuna safari ya Kipungani, kwa hiyo kesho asubuhi niko mitumbani na tochi ya simu mkononi. Doksisaiklini nitamuuliza dada, anaimeza kwa chunusi na ndiye aliyepanga safari.