Vigae vya jikoni viishie wapi: ubavu wa kabati au ukingo wa kaunta?

Ukuta_Mtupu
Wakuu, kaunta imeshafungwa. Makabati ya juu bado, ukutani kuna alama za penseli tu. Vigae ni vya mm 75 × 150, unene mm 8, vitapangwa kama tofali kwa nafasi ya mm 2. Nimekwama sehemu mbili.

Ukuta mrefu, upande usio na kona: kaunta inatokeza sm 3 nje ya ubavu wa makabati, ya chini na ya juu. Nifuate kabati au kaunta?

Ukuta wa pembeni, kwenye kona: kaunta ina kina cha sm 62, kabati la juu sm 33. Nikiishia 33, sm 29 za mbele zinabaki rangi tupu. Nikifika 62, sehemu hiyo haina kabati la kuifunika kwa juu. Kutoka kaunta hadi chini ya kabati nimepima sm 50.

Timazi
Ukuta wa pembeni usikuumize kichwa: nenda mpaka mbele ya kaunta. Mikono yenye maji na mafuta inafanya kazi hapo mbele, si kule nyuma chini ya kabati. Ila usiishie 620 kamili. Ishia mm 616, kwa sababu ncha ya vigae ikizidi kaunta hata kidogo, jicho linaiona kabla ya kitu kingine chochote.

Anza na kigae kizima upande wa nje, vipande vilivyokatwa vifiche konani. Hesabu: vigae vya ukuta mrefu vikishabandikwa vinakula mm 11 za kona (kigae 8, gundi 3). Toa mm 3 za silikoni, mm 2 za ukingo wa alumini (utepe wa kumalizia ncha ya vigae) na mm 2 za grauti (saruji laini ya kujaza nafasi) kando yake. Zinabaki 598. Vigae vitatu na nafasi zake ni 456, kipande cha kona kinakuwa 142. Mstari unaofuata unaanza na nusu ya mm 74 na kuishia na 66 konani. Kigae kimoja kinatoa vipande vyote viwili.

Tatizo lako liko kwenye hiyo sm 50. Mistari sita pamoja na silikoni ya chini na nafasi zake ni mm 465. Ukitoa ukingo wa juu na grauti yake, unabaki na utepe wa mm 31. Chini ya kabati hauonekani, lakini kwenye zile sm 29 zilizo wazi utakutazama kila siku. Kabati halijafungwa, basi hamisha alama: mistari saba ni mm 540 (silikoni 3, vigae 525, nafasi 12), ongeza 4 za grauti na alumini, funga kabati kwenye 544. Kigae kizima chini, kigae kizima juu.

Kona_Mraba
Kuhusu zile sm 3, kwa nini uchague wakati kabati linaweza kusogea? Sogeza makabati ya juu sm 3 kutoka konani, pengo lizibe kwa ubao wa rangi ileile. Kabati, vigae na kaunta vitaishia mstari mmoja. Na mlango wa kabati la kona utafunguka bila mpini kugonga ukuta wa pembeni. Kwa hilo peke yake ule ubao unahitajika hata kama kaunta isingetokeza.

Funga makabati kwanza, vigae baadaye. Vigae vikitangulia na kupanda nyuma ya kabati, sehemu ya chini inasukumwa mm 11 mbele, kabati linainama na milango haikai sawa.

Ukuta_Mtupu
Kusogeza sm 3 kunawezekana. Lakini kama isingewezekana?

Timazi
Ningefuata kabati. Sm 3 za ukuta mtupu unazipaka rangi ya mafuta, basi.

Grauti_Nyeupe
Hapo sikubaliani na Timazi. Sinki likiwa karibu na ncha hiyo, rangi itabambuka pale ukuta unapokutana na kaunta. Fuata kaunta, ukubali kipande kifupi cha alumini juu ya zile sm 3, kilichokatwa nyuzi 45. Sinki likiwa mbali, sawa, fuata kabati. Kisichofaa ni kufuata kaunta kwa mistari miwili ya chini halafu kurudi ndani: ngazi ya namna hiyo huonekana kama vigae viliisha dukani.

Kuhusu ukingo wenyewe: chukua wa mm 8 au 9, usiwe mfupi kuliko kigae, maana ncha kali itabaki nje. Piga mstari wa wima kwa timazi (uzi wenye uzito), usiamini kona ya ukuta. Bandika utepe wa karatasi mm 2 nje ya mstari, paka gundi, kandamiza mguu wa alumini wenye matundu ndani ya gundi, ndipo uweke kigae. Bandua utepe gundi ikiwa bado mbichi. Ikikauka inang'oka na rangi.

Kigae kinapokutana na kaunta, na kona ya kuta mbili, weka silikoni, si grauti. Kaunta hucheza kidogo, hasa ya mbao, na grauti hapo itapasuka tu. Grauti baada ya saa 24 tangu kubandika, silikoni grauti ikikauka kabisa.

Kona_Mraba
Na soketi: vigae vitaziacha nyuma kwa mm 11. Nunua skrubu ndefu mapema, na zima swichi kuu kabla ya kulegeza chochote.

Ukuta_Mtupu
Alama nimefuta. 544, na kabati linasogea sm 3.

Timazi
Kabla ya kutoboa, chukua ufito, weka juu yake alama za mistari saba pamoja na nafasi, uusimamishe kwenye kaunta sehemu tatu: konani, katikati na mwisho. Kaunta ikiwa imeinama hata mm 3, pima kutoka sehemu iliyo juu zaidi. Kule iliko chini silikoni itanenepa kidogo. Ukianzia chini, utalazimika kuparua vigae.