RAM ya DDR4: nichukue ya 3200 au ya 3600?

Muulizaji: Ndugu wataalamu, ninaunda kompyuta ya mezani na nimebakiwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbili za DDR4, yaani kizazi cha nne, za kuchagua: moja ya kasi ya 3200 (uhamishaji wa data milioni 3200 kwa sekunde) yenye CL16 (CL ni idadi ya mizunguko ya saa RAM inayosubiri kabla ya kuanza kutoa data), nyingine ya 3600 yenye CL18, zote za volti 1.35. Ipi ina kasi zaidi?

Mchangiaji wa kwanza: Zidisha CL kwa 2000, kisha ugawanye kwa kasi: 16 × 2000 ÷ 3200 ni nanosekunde 10, na 18 × 2000 ÷ 3600 ni 10 vilevile. Muda wa kusubiri data ianze kutoka ni uleule, ila ya 3600 hupitisha data nyingi zaidi kwa sekunde, nami ningeichukua hiyo mradi prosesa na ubao mama viimudu.

Mchangiaji wa pili: Naongezea kuhusu volti, ambazo wengi huzipuuza. Kiwango cha kawaida cha DDR4 ni volti 1.2, hizo 1.35 hutumika unapowasha XMP (mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa juu yake) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Mimi sikuiwasha, nikakaa miezi kadhaa nikiamini natumia 3200, kumbe ilikuwa ikienda kwa 2133!

Muulizaji: Nashukuru. Naweza kuichanganya na ya zamani ya 2666?

Mchangiaji wa pili: Huenda ikawaka, lakini zote zitashuka hadi kasi ya ile ya polepole. Nunua mbili zilizofungashwa pamoja.