Naomba ushauri: kupima vifurushi vya Debian kabla ya kuvipandisha

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaotunza vifurushi (programu zilizofungashwa) vya Debian, mfumo endeshi wa Linux, kwa kujitolea.

Utaratibu wa timu: sbuild inajenga, lintian inakagua, piuparts inasakinisha na kuondoa, kisha autopkgtest inaendesha vipimo vilivyotajwa kwenye debian/tests/control. Hapo mwisho ndipo penye shida.

Autopkgtest ikiendeshwa ndani ya kontena ya unshare (mazingira yaliyotengwa ndani ya mfumo uleule), ni nyepesi na haihitaji root (mamlaka ya msimamizi), lakini kipimo chenye sharti la isolation-machine, yaani kinachodai mashine yake nzima, kinarukwa humo. Autopkgtest inatoka na namba 2 badala ya 0, na mwenye haraka anadhani kila kitu kimefaulu. Qemu, inayoiga kompyuta nzima, inakiendesha sawasawa, ila bila KVM (kiharakishi cha mashine pepe kwenye Linux) kasi yake inakatisha tamaa, hasa kwa mwenye laptop ya RAM GB 4. Je, mnatenga vipimo hivyo viendeshwe kwenye seva moja ya pamoja?

La pili: chochote kinachoandikwa kwenye stderr (mkondo wa ujumbe wa makosa) kinaangusha kipimo, hata programu ikimaliza na 0. Onyo moja la Python linatosha. Kuweka allow-stderr (ruhusa ya kuandika humo) kila mahali kunaficha hitilafu za kweli. Naona heri kunyamazisha onyo husika tu. Mnaonaje?

La tatu, ndilo zito: maktaba mpya ikiharibu kipimo cha kifurushi kinachoitegemea, maktaba ndiyo inayozuiwa kuingia testing (tawi la Debian linaloandaliwa kuwa toleo lijalo). Kwa ujenzi upya wa vifurushi tegemezi, zana ya ratt inasaidia. Kwa vipimo vya autopkgtest vya vifurushi tegemezi vyote, mnatumia skripti gani?