C-arm (mashine ya eksirei yenye umbo la C) theatre, chumba cha upasuaji: nisimame upande gani?

Swali: Wakuu, tukipiga picha ya nyonga ya ubavuni, upande upi una mionzi michache?

Jibu 1: Upande wa kipokea picha, mkuu. Mionzi inayotawanyika hutoka kwa mgonjwa, na ni mingi zaidi pale miale inapoingilia, yaani upande wa tyubu (inayotoa miale). Picha ya mbele, tyubu ikae chini ya meza, kipokea picha kimkaribie mgonjwa. Rudi nyuma kutoka mita 1 hadi 2: dozi (kiasi cha mionzi unachopata) hushuka hadi karibu robo.

Jibu 2: Aproni ya madini ya risasi, milimita 0.5, isikunjwe, itundikwe. Mikunjo huipasua ndani bila kuonekana nje. Ikaguliwe kwa fluoroskopi (eksirei ya picha za moja kwa moja). Macho je? Kikomo cha dozi yake ni wastani wa mSv (milisivati, kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka.

Jibu 3: Na kipima dozi cha kolani kivaliwe nje ya aproni, jamani!