Aliyeshona "bendera ya Mtwara" atueleze ARAWTM ni wapi

Wadau, salamu baadaye. Mhusika mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Leo kaipandisha ile bendera yake yenye jina MTWARA, kusi ikaigeuza, na nusu ya umati waliosimama upande wa pili wakasoma ARAWTM. ARAWTM! Majahazi ya Msumbiji yakiona vile yatageuza tanga yarudi kwao.

Kitambaa kimechapwa upande mmoja, wino umepenya, nyuma herufi zinakwenda kinyumenyume. Ukitaka zisomeke pande zote, unashona vitambaa viwili mgongo kwa mgongo na kingine kizito katikati. Hapo umetengeneza godoro, hata kusi ya Julai hailiinui. Ndiyo maana bendera haiandikwi jina!

Halafu kajaza korosho, minazi miwili, jahazi, kinyago cha Kimakonde, bomba la gesi na mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Chora kitu chako kwenye karatasi ya sentimita 3 kwa 2, nyoosha mkono, tazama. Hivyo ndivyo bendera ya sentimita 90 kwa 60 inavyoonekana ukiwa mita 18 hivi. Korosho yake pale ni doa la mchuzi.

Bluu nzito kaigusisha na nyeusi, ukiwa mbali ni giza tupu. Bendera ya Taifa anaiona kila siku: kati ya nyeusi na kijani, na kati ya nyeusi na bluu, pamewekwa mstari wa njano. Rangi mbili nzito hazikai bila nyepesi kuzitenga. Jina nalo kalisogeza hadi ukingo wa nje, ambako upepo hukunja na kuchana kwanza. Kufika Septemba itabaki MTW.

Pocatello kule Idaho, Marekani, walijaza maandishi hivihivi. Mwaka 2004 bendera za miji 150 zilipopigiwa kura yao ikawa ya mwisho, na 2017 wakaibadilisha. Sisi tunaanzia walikokimbia wenzetu. ARAWTM!

Mtoto wa Mikindani: Mkuu umeandika ARAWTM mara nne, kunywa maji. Ila hapo kwenye ukingo uko sahihi. Alama kuu inakaa upande wa mlingoti. Ukingo wa nje unakunjwa mara mbili na kupigwa cherehani mistari minne, kwenye kona unarudia kushona. Yeye kapiga mmoja.

Mnyonge wa Lindi: Mimi sijali herufi. TENDAGURU IKO LINDI. Mifupa Wajerumani waliibeba 1909 hadi 1913, ipo Berlin mpaka leo, na nyinyi Mtwara mnabeba hata picha?

Msimbati Juu: Lindi mtulie. Gesi ya Mnazi Bay ni yetu, bomba hilo mtuachie.

Mnyonge wa Lindi: Songo Songo iko wilaya gani? Kilwa. Kilwa iko mkoa gani? Gesi yake ilianza kutumika 2004, wakati huo nyinyi wa Mnazi Bay bado mkiwasha vibatari.

Bi Mkubwa wa Shangani: Mleta uzi, mbona kanga ina maandishi na hujalalamika?

Mleta uzi: Bi Mkubwa, shikamoo. Kanga inasomwa na jirani aliye hatua mbili. Bendera iko juu ya mlingoti, inakunjika. Na kanga haigeuki ikasema ARAWTM.

Mtoto wa Mikindani: Mara ya tano.

Bi Mkubwa wa Shangani: Marahaba. Basi tuseme hizo kanga za siku hizi. Mji, ile sehemu ya katikati, umekaa upande, pindo moja nene jingine jembamba, ukiikata doti vipande viwili havilingani!

Fundi Pindo: Zinachapwa haraka, kitambaa kinavutika kikipita kwenye mashine. Kabla ya kununua ikunje katikati, pindo likutane na pindo. Lisipokutana, irudishe.

Mnyonge wa Lindi: Na kuchuja je? Nyekundu inahamia kwenye mashuka yote.

Fundi Pindo: Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, ianike kivulini.

Bi Mkubwa wa Shangani: Na bei imepanda, hakuna anayefungua uzi kwa hilo.